Tupeane uzoefu: ulipohama simu, nini kilibaki nyuma?

Mwanzisha uzi

Wakuu, nawasalimu wote.

Mabishano ya iPhone na Android tumeyasikia sana: kamera ipi kali, chaji ipi inakaa, nani kamuiga nani. Naomba leo tuzungumzie jambo linalojitokeza siku ile tu unapobadilisha simu. Vitu vyako vinahama na wewe, au vinabaki?

Mwanangu alipozaliwa nilianza kuandika kila kitu kwenye programu ya madokezo iliyokuja na simu. Uzito wake kila mwezi, tarehe ya jino la kwanza, dawa aliyopewa ikamkataa, neno alilotamka akiwa mgongoni kwa bibi yake. Nimeandika hivyo miaka sita. Hifadhi ya wingu nalipia, na kila nikitazama naona tiki kwamba kila kitu kimesawazishwa, basi moyo unatulia. Nilipohamia mfumo mwingine, picha zilikuja, namba za watu zikaja, kalenda ikaja. Madokezo hayakuja. Yalikuwa salama kabisa kule wingu, lakini sikuona njia ya kuyatoa yote kwa pamoja. Fungua dokezo, nakili, jitumie kwa barua pepe, rudi, fungua jingine. Yalikuwa 214. Ilinichukua usiku tatu, mimi nanakili, mke wangu anahakiki tarehe pembeni.

Tangu hapo nikimsikia mtu anasema "vitu vyangu vyote viko wingu" huwa namuuliza: na kutoka vinatokaje?

Karibuni. Semeni mlitoka mfumo gani mkaenda upi, mlikosa nini, na kama mnalipia wingu, mlidhani mnalipia nini hasa.

Mzee wa Vitufe

Ahsante kwa mada, mkuu. Nimeanza na simu janja tangu enzi za vitufe, na nikwambie, kipengele kukosekana ni jambo la kupita. iPhone ya kwanza ilitoka 2007 huwezi hata kunakili na kubandika maneno. Uwezo huo ulikuja 2009. Windows Phone nayo ilipoingia sokoni 2010 ilikuja bila kunakili na kubandika, ikapewa mwaka uliofuata. Wijeti, vile vidirisha vya saa au hali ya hewa kwenye skrini ya mwanzo, ambazo watu wa Android walizizoea miaka mingi, zilifika iPhone 2020 na iOS 14. Kurekodi mazungumzo ya simu kumekuja 2024 na iOS 18.1, tena simu inatangaza kwa sauti ili wote wawili wajue. Ukivumilia, kinakuja.

Ambacho hakirudi ni mfumo ukifa. BlackBerry za mfumo wa zamani zilizimiwa huduma tarehe 4 Januari 2022. Windows 10 Mobile ilipofika mwanzoni mwa 2020 haikupata masasisho tena. Na hata wingu hufa: Apple walikuwa na huduma ya kulipia iitwayo MobileMe tangu 2008, wakaifunga Juni 2012 baada ya kuleta iCloud.

Mimi nilikuwa kwenye mmojawapo wa mifumo iliyokufa (sitautaja) na nilichofanikiwa kuokoa ni namba za watu tu, kwa sababu nilikuwa na mazoea ya kuziweka zote kwenye faili moja la vCard, yaani faili la kutunzia namba za watu, kila mwisho wa mwaka. Faili lile linafunguka kwenye simu yoyote niliyowahi kushika. Ujumbe mfupi wa miaka minne ulipotea wote, ukiwemo wa mwisho wa kaka yangu.

Mwanzisha uzi

Pole sana mzee wangu. Hilo la ujumbe limenigusa. Naomba nikuulize, namba zako ulikuwa umezihifadhi kwenye laini au kwenye simu?

Mzee wa Vitufe

Kwenye simu. Laini inabeba majina machache, tena ukiandika jina refu linakatwa, na mtu mwenye namba mbili anageuka watu wawili. Usimshauri mtu yeyote atunze namba kwenye laini.

Mama Wawili

Nami niseme langu japo bado linaniuma.

Simu yangu ilijaa. Kila nikitaka kupiga picha inaniambia nafasi imekwisha. Nilikuwa nalipia wingu, kila mwezi pesa inakatwa, nikajua picha zote ziko kule. Basi nikakaa kitandani jioni moja nikachagua picha za miaka mitatu, zaidi ya elfu mbili, nikafuta kwenye simu. Simu ikawa nyepesi, nikafurahi. Karibu wiki sita baadaye binti yangu akaniomba picha ya siku yake ya kwanza shule. Nikafungua wingu kwenye kompyuta. Hakuna. Nikaangalia kwenye kapu la taka, hakuna. Nikapiga kwa wahudumu, wakanijibu kwa upole kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyefuta, na siku za kurejesha zimepita.

Kwa hiyo nilikuwa nalipia nini miaka yote ile? Hilo ndilo swali langu na ninaliuliza kwa dhati, mwenye kujua anijibu.

Fundi Kimya

Dada, pole. Nafanya kazi ya simu na kisa chako nakisikia mara nyingi kuliko hata cha skrini kupasuka. Nijibu kwa kirefu kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaumia.

Kusawazisha na kuweka nakala rudufu ni vitu viwili. Kusawazisha ni kama kioo: unachofanya huku kinaonekana kule. Ukiongeza, kinaongezeka kote. Ukifuta, kinafutika kote. Nakala rudufu ni kopi iliyowekwa kando, haifuati mkono wako. Huduma nyingi tunazolipia kwa ajili ya picha ni za kusawazisha.

Picha za iCloud ziko hivyo. Ukifuta kwenye iPhone, inafutika kwenye iPad na kwenye kompyuta, inakaa siku 30 kwenye albamu ya vilivyofutwa karibuni, kisha inaondoka. Mwenye kutaka nafasi hatakiwi kufuta. Kuna mpangilio wa kuboresha hifadhi ya simu, ambao unaacha picha ndogo kwenye simu na kubakiza kubwa wingu. Google Photos nayo ukifuta picha ndani ya programu yenyewe inafuta na ya wingu, ila wao wameweka kitufe maalumu cha kupata nafasi, kinachoondoa kwenye simu zile picha tu ambazo zimeshafika wingu. Kapu lao linatunza siku 60 kwa picha iliyokuwa imeshapakiwa. Tofauti ya maneno ni ndogo, "futa" na "pata nafasi", lakini ndiyo iliyoondoka na picha zako.

Ulicholipia dada ni ukubwa wa ghala. Ulinzi dhidi ya mkono wako mwenyewe haumo kwenye malipo yale. Na kwa maoni yangu hilo lingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kabla mtu hajabonyeza kitufe cha kulipa.

Kitu kingine: una kifaa chochote cha zamani kilichokuwa kwenye akaunti hiyo hiyo? Simu mbovu, tableti ya watoto, chochote?

Mhasibu wa Usiku

Wakati tunamsubiri dada, mimi nilihama Android kwenda iPhone kisha nikarudi Android. Nilichokuta ni hiki. iPhone ukirejesha nakala kwenye iPhone nyingine, unafungua unakuta karibu kila kitu kama ulivyokiacha, hadi mpangilio wa skrini. Android bado hapo wako nyuma: nakala ya kila programu inayotunzwa na mfumo ina kikomo cha MB 25, na mtengenezaji wa programu anaweza kuamua isitunzwe kabisa. Ndiyo maana unahamia Android mpya unakuta mchezo umeanza upya. Kwa upande mwingine, Android naichomeka kwenye kompyuta yoyote naburuta mafaili yangu ninavyotaka, na hilo kwangu lina uzito kuliko yote.

Kuhusu kulipia: kadi yangu ya benki iliisha muda, malipo ya wingu yakakataliwa, arifa zikaja nikazipuuza kwa sababu nilikuwa kwenye mahesabu ya kufunga mwaka. Kumbe hifadhi ikijaa, na barua pepe haziingii. Nilikuwa nasubiri barua ya usaili. Aliyeniandikia aliona barua yake imerudi, akaita mtu mwingine. Angalieni jambo hili: zile GB 15 za bure za Google ni za barua pepe, mafaili na picha kwa pamoja, na GB 5 za iCloud nazo zinabeba vyote, pamoja na barua kwa mwenye anwani yao. Picha zikijaza ghala, barua inakosa pa kukaa. Sasa nina anwani ya barua pepe ambayo haishiriki nafasi na picha hata moja.

Sina Wingu

Silipii. Kila Jumapili nachomeka simu kwenye kompyuta, nakopi kwenye diski mbili. Memori kadi nilishaacha, moja ilinifia ikiwa na picha za harusi ya dada yangu.

Mgeni Hapa

Habari zenu wakubwa. Natoka Android kwenda iPhone wiki hii. Ninachoogopa ni WhatsApp tu. Wengine wananiambia haiwezekani, wengine nilipie programu za kuhamisha. Nakala yangu iko Google tayari.

Fundi Kimya

Usilipie programu yoyote ya pembeni, mkuu, na usimpe mtu simu yako akuhamishie. Zamani kweli hapakuwa na njia rasmi, ila tangu 2022 ipo. Nakala ya Google haitakusaidia, iPhone haiwezi kuisoma. Unapakua programu ya Apple ya Move to iOS kwenye Android, na uhamisho unaufanya wakati wa kuiwasha iPhone kwa mara ya kwanza. iPhone iwe mpya au iwe imefutwa yote. Ukishaimaliza kuiweka sawa, ukaanza kuitumia, umechelewa, itabidi uifute uanze upya. Simu zote mbili ziwe kwenye chaji, Wi-Fi moja, namba ile ile. Na usiguse Android hadi uone mazungumzo yamefunguka upande wa pili.

Kabla ya yote hayo, kama unatumia programu ya namba za uthibitisho za kuingilia akaunti, hakikisha umezihamisha. Watu wanakumbuka picha, wanasahau hizo, na bila hizo hata kwenye barua pepe yako huingii.

Mama Wawili

Fundi, nimepekua kabati lote. Ipo tableti ya watoto, imezimwa tangu kioo kilipopasuka, yaani kabla sijafuta. Ilikuwa kwenye akaunti yangu. Naichaji sasa hivi. Niiwashe?

Fundi Kimya

USIIWASHE BADO dada. Soma kwanza.

Ile tableti haijui kama umefuta. Ikipata intaneti tu, itaulizia wingu, itaambiwa picha zile zimefutwa, nayo itafuta za kwake. Kwa hiyo zima kabisa kifaa cha Wi-Fi cha nyumbani, kichomoe kwenye umeme. Kama ina laini, itoe. Hakikisha hakuna simu ya mtu hapo ndani inayogawa intaneti ambayo tableti iliwahi kuunganishwa nayo. Hapo ndipo uwashe, na cha kwanza uweke hali ya ndege na uhakikishe alama ya Wi-Fi imezimwa. Kisha uichomeke kwa waya kwenye kompyuta, ukopi picha zote. Usifungue kitu kingine chochote.

Nikuandae pia: kama ule mpangilio wa kuboresha hifadhi ulikuwa umewashwa, nyingine utazikuta ndogo tu, si kamili. Chukua hizo hizo.

Mzee wa Vitufe

Tunakuombea dada.

Mgeni Hapa

Nimefuata maelekezo, WhatsApp imeingia yote hadi sauti za 2019. Ilichukua saa mbili na dakika kadhaa. Shukrani Fundi, ubarikiwe. Kilichobaki nyuma ni milio ya simu niliyojiwekea na programu mbili nilizokuwa nimelipia Android, inabidi nizilipie tena huku. Hilo sikulijua.

Mwanzisha uzi

Hilo la kulipia programu mara mbili ni kweli kabisa, na linastahili kuwekwa kwenye hesabu kabla mtu hajahama. Malipo ya duka moja la programu hayatambuliki kwenye duka jingine, isipokuwa zile unazolipia kwa mwezi kupitia akaunti ya mwenye programu mwenyewe.

Nami nimebadilisha utaratibu. Madokezo ya mwanangu sasa nayaandika kwenye mafaili ya maandishi matupu, kwenye folda moja. Hayana rangi wala picha, ila simu yoyote na kompyuta yoyote inayafungua. Wingu bado nalipia, kwa sababu simu ikiibiwa leo nataka kesho niendelee. Lakini kila mwezi kopi moja inakwenda kwenye diski ambayo haijaunganishwa na kitu.

Dada, vipi tableti?

Mama Wawili

Nimemaliza sasa hivi, nimekaa sakafuni mikono inatetemeka. Nilizima Wi-Fi nzima, mume wangu nikamwambia aweke simu yake nje. Zimetoka picha 1,340. Nyingi ni zile ndogo, ukizikuza zinakuwa na ukungu. Kamili ni mia nne na kitu.

Ya siku ya kwanza shule ipo. Ni ndogo, lakini uso unaonekana, na begi lake la njano.