Dawa za "kuuza nje tu": sheria ya nani inambana muuzaji zaidi?

Mfamasia_Kkoo
Wakuu, nina makabrasha ya wauzaji watatu mezani. Wa India ana leseni ya kutengeneza dawa yake kwa ajili ya kuuza nje tu. Wa Ulaya naye haiuzi kwao, ila ana maoni ya EMA, mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya. Wa tatu ni Mmarekani, dawa yake FDA, mamlaka ya dawa ya kwao, haijaiidhinisha. Kisheria wanatofautiana wapi?

Nyakato
Sana tu, mkuu. Marekani, kifungu cha 802 cha sheria yao ya chakula na dawa kinaruhusu dawa kama hiyo itoke iwapo imeidhinishwa katika mojawapo ya nchi zilizotajwa humo, mfano Uswisi, Japani au Afrika Kusini. Ulaya wana kifungu cha 58 cha Kanuni 726/2004: EMA huichambua dawa ya kwenda nje kwa vigezo vilevile vya dawa zao, ikishirikiana na WHO. Chanjo ya malaria RTS,S ilipitia huko, Julai 2015. Ningeanza na huyo wa Ulaya.

MzeeWaBandari
Ila maoni ya EMA siyo usajili. TMDA, mamlaka ya dawa ya hapa Tanzania, lazima upite, na kibali cha kuingiza mzigo ni kitu kingine tena.
India msiikatae yote, nusu ya kabati zetu inatoka kule. Shida ni hiyo "nje tu". Gambia 2022, sirapu nne za Maiden, kampuni ya India, zilihusishwa na vifo vya watoto wapatao 70. WHO ilizikuta na diethilini glaikoli na ethilini glaikoli, kemikali zenye sumu. Leseni ya Maiden? Kuuza nje tu. Inauma! Tangu Juni 1, 2023 India inataka sirapu za kikohozi zipimwe maabara kabla ya kusafirishwa. Vidonge je?

BintiTanga
Dai cheti cha CPP (cheti cha bidhaa ya dawa, hutolewa na mamlaka ya nchi inayouza nje) cha mfumo wa WHO kwa kila mmoja. Kinauliza wazi kama dawa imeruhusiwa kuuzwa nchini inakotoka, na kama haijaruhusiwa, sababu: haihitajiki, haikuombwa, inashughulikiwa, au ilikataliwa. Watu husoma mhuri tu, hapo wanaparuka.

Mfamasia_Kkoo
Asante dada. Nimekifungua cha India: "haikuombwa", maelezo hakuna. Namwandikia leo anieleze kwa nini hawajaiombea kwao. Asipojibu, kabrasha lake halifiki TMDA kwa mkono wangu.