Mwongozo wa kumpokea nabii: tabia yake tunaipimaje kabla hajapanda madhabahuni?

KatibuWaWazee

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Baraza letu la wazee linaandika mwongozo wa kurasa mbili wa kuwapokea watumishi wenye huduma ya kinabii, wageni na wa hapa kwetu. Upande wa mafundisho haujatusumbua: tuna ungamo la imani, mtu analisoma na kutia sahihi. Tumekwama kwenye tabia. Nabii akishataja jina la mtu asiyemjua na ugonjwa wa mama yake, kanisa zima linasimama, na mzee atakayeuliza habari za fedha au za nyumbani kwake ataonekana anapingana na Roho Mtakatifu.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Tabia ipimwe vipi, na kwa muda gani? Fedha zikae mikononi mwa nani? Na ni maneno gani yasinenwe mbele ya watu kabla wazee hawajayasikia?

---

MwalimuWaNeno

Shalom, Katibu. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza wekeni sentensi hii: neno kutimia si ushahidi wa utakatifu. Isipokuwepo, kila kifungu kinachofuata kitabishaniwa. Someni Kumbukumbu la Torati 13:1-5. Ishara pale inatimia kweli, na bado mtu yule hasikilizwi, kwa kuwa anawavuta watu kwa miungu mingine. Wengi wanaijua 18:22 peke yake, kwamba neno lisipotimia Bwana hakulinena, halafu wanaipindua: likitimia, basi mnenaji ni wa Bwana. Torati haisemi hivyo.

Balaamu, aliyekodiwa awalaani Israeli, ndiye mfano wenyewe. Maneno yake katika Hesabu 23 na 24 ni ya kweli, hata ile nyota itakayotokea katika Yakobo (24:17). Lakini Hesabu 31:16 inasema shauri lake ndilo lililowakosesha Israeli kule Peori, na katika mstari wa 8 anauawa kwa upanga pamoja na wafalme wa Midiani. Petro anautaja ugonjwa wake: alipenda ujira wa udhalimu (2 Petro 2:15). Kinywa kilinena kweli huku moyo ukihesabu malipo.

Sasa kupima. Barua ya utambulisho haitoshi, maana mara nyingi huandikwa na rafiki. Pigeni simu tatu: kwa mwangalizi au askofu wake, kwa mweka hazina wa kanisa alilohudumu mwisho, na kwa mchungaji wa kanisa alilohudumu mwaka mmoja uliopita au zaidi. Simu ya tatu ndiyo yenye uzito, kwa sababu madhara ya nabii asiye safi huchelewa kuonekana. Wiki ya kwanza watu bado wanashuhudia. Ndoa iliyovurugika, mkopo uliochukuliwa ili kutoa sadaka, mgonjwa aliyeacha dawa, hayo hujulikana miezi kadhaa baadaye.

Msiulize "ni mtumishi mzuri?", kila mtu atajibu ndiyo. Ulizeni: Alifikia wapi, na alikuwa na nani? Aliomba chochote nje ya makubaliano? Yupo aliyetabiriwa ambaye bado anapigiwa simu na mtumishi mwenyewe? Mngemwalika tena? Mtu akisita kwenye swali la mwisho, chukulieni kusita kwake kuwa ndilo jibu.

Kwa mtumishi wa ndani, 1 Timotheo 3:10 inataka hata mashemasi wajaribiwe kwanza. Ningependekeza mwaka mmoja wa kazi zisizoonekana: kutembelea wagonjwa, kupanga viti, kuombea chini ya kiongozi mwingine. Mwangalieni hasa anapokosolewa na anaponyimwa kipaza sauti. Hasira hufichika vizuri madhabahuni, lakini jikoni na kwenye kikao cha ratiba inatoka. Kama ana mke, mama wa kanisa mwenye hekima akae naye faraghani, mume asiwepo. Si kwa kupeleleza. Mara nyingi ni yeye wa kwanza kujua kwamba mtu amechoka, haombi tena, na anahubiri kwa mazoea.

---

MwekaHazina_M

Nijibu la fedha, Katibu, kwa sababu wengi huanguka hapo kabla ya kuanguka kwingine.

Kanuni hii si mpya. Didake, mafundisho ya kanisa la mwanzo ambayo mswada wake ulipatikana Konstantinopo mwaka 1873, ina maagizo ya wazi kuhusu mitume na manabii wasafiri. Mtume anayepita akae siku moja, na ya pili ikibidi; akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Anapoondoka apewe mkate wa kumfikisha atakapolala. Nabii akisema katika roho "nipeni fedha", asisikilizwe, isipokuwa akiwaombea wahitaji wengine. Wakristo wale hawakuwa wakidharau karama. Walikuwa na wageni wengi na walihitaji kipimo ambacho hata mtu asiye na elimu angeweza kukitumia mlangoni.

Kwenu ningeweka hivi. Nauli, malazi, chakula na zawadi vipangwe na baraza na kuandikwa kabla mgeni hajasafiri, kiasi kitajwe kwa shilingi. Zawadi isitegemee sadaka ya siku hiyo. Mkimpa asilimia ya kapu, mmemwekea mtego, kwa kuwa kila neno atakalonena litakuwa linaongeza au kupunguza kipato chake. Sadaka ihesabiwe na watu watatu wasio ndugu, palepale kanisani. Karatasi ya hesabu isainiwe na wote watatu, na fedha ziende benki siku ya kazi inayofuata. Namba ya malipo inayotangazwa iwe ya kanisa tu. Namba ya simu ya mtumishi isitajwe kwenye kipaza sauti wala kuonyeshwa kwenye skrini. Mafuta, maji, vitambaa na stika visiuzwe. Na asiwepo mtu wa kupanga foleni kwa viwango vya sadaka, wa laki moja mbele na wa elfu kumi nyuma. Mkiona foleni hiyo, simamisheni ibada.

Makubaliano yawahusu pia wasaidizi wake, yaani dereva, mpiga picha na yule anayebeba Biblia. Nabii Elisha alikataa zawadi yote ya Naamani aliyeponywa ukoma, na Naamani alikuja na talanta kumi za fedha, dhahabu elfu sita na mavazi kumi (2 Wafalme 5:5). Aliyekimbilia gari ni Gehazi, mtumishi wake, akatumia jina la bwana wake na kudanganya kwamba wamekuja vijana wawili wahitaji. Akaondoka na talanta mbili, mzigo wa zaidi ya kilo 60 uliobebwa na watu wawili. Nabii anaweza kuwa safi na msaidizi wake akawa anakusanya nyuma ya jengo.

Nabii Agabo naye ni mfano mwema. Alipotabiri njaa (Matendo 11:28-30), wanafunzi walichanga, na mchango ukapelekwa kwa wazee wa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Hatusomi popote kwamba ulipitia kwa Agabo.

---

Mama_wa_Maombezi

Wapendwa, naongeza mambo ambayo akina mama huwa tunayaona.

Kadi za maombi na daftari la wageni vifungiwe ofisini, nabii na watu wake wasivione kabla ya ibada. Mwaka 1986 kule Marekani, mhubiri wa uponyaji Peter Popoff alikuwa akiwaita watu kwa majina na kuyataja magonjwa yao. James Randi, mchunguzi wa madai ya miujiza, na wenzake wakanasa mawimbi ya redio ya megahezi 39.17: mkewe alikuwa akimsomea kupitia kifaa kilichowekwa sikioni, akitumia habari zilizokusanywa kabla ya ibada. Leo hata redio haihitajiki. Ukurasa wa mtu mtandaoni unatosha, au mhudumu wa mlangoni anayeuliza "umetoka wapi, mama, unasumbuliwa na nini?" Kwa hiyo wahudumu wa mlangoni wawe wenu, si wa mgeni. Habari za chumba cha ushauri nazo zisirudi madhabahuni zikiwa zimevikwa "Bwana ananionyesha". Huo ni wizi wa siri ya mtu, na yule aliyelia mbele ya mchungaji Jumanne ataitambua siri yake Jumapili.

Huduma ya mtu mmoja mmoja ifanyike ukumbini au chumba chenye mlango wazi, mtu wa tatu akiwepo, na kwa mwanamke mtu huyo awe mwanamke. Isifanyike hotelini, ndani ya gari wala kwa simu ya video usiku. Kuwekewa mikono ni kichwani au begani. Anayesema Roho amemwagiza kugusa sehemu nyingine, atolewe saa hiyohiyo. Likitokea la kushikwa kwa nguvu au la mtoto kuguswa, msiite kikao cha upatanisho. Nendeni hospitali na polisi siku hiyohiyo (Tanzania mtapewa PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa hospitali), maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na ushahidi wa mwili hupotea haraka.

Maneno ya kupita kwa wazee kwanza, kwangu ni haya: nani aoe au aolewe na nani, nani atakufa, mtu kuhama au kuuza shamba, na uchaguzi wa viongozi wa nchi. La kuacha dawa lisipite kabisa, si kwa wazee wala madhabahuni. Anayedai kupona arudi kupimwa. Wala kumtaja mtu kuwa mchawi. Hili nalisema kwa uchungu. "Nyanya yako ndiye aliyekufunga" ni maneno machache tu, lakini nchini mwetu vikongwe wamekatwa mapanga kwa maneno ya namna hiyo. Zaidi ya hayo, sheria za uchawi za Tanzania na Kenya zinalihesabu kuwa kosa la jinai kumtuhumu mtu uchawi.

---

Kijana_wa_Moto

Shikamooni wazazi wangu. Nasoma kwa heshima, ila nina mzigo. Paulo alisema "Msimzimishe Roho; msitweze unabii." Tukifika kwenye fomu, sahihi na simu tatu, Roho atapata nafasi wapi? Yeremia mwenyewe angepita kwenye baraza hili?

---

MwalimuWaNeno

Marahaba, kijana wangu. Hofu yako ni ya haki, na mwongozo ukiwa wa kuwakomoa watumishi utafanya hilo unaloliogopa. Lakini endelea na sentensi ileile ya Paulo: "jaribuni mambo yote; lishikeni lililo jema." Kwa Wakorintho aliweka hata idadi: "Na manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue" (1 Wakorintho 14:29). Wengi wanapokosea ni mstari wa 32, kwamba roho za manabii huwatii manabii. Mtu anayesema "nilishindwa kujizuia" anapingana na Paulo. Neno la kweli linaweza kusubiri hadi kesho asubuhi.

Kuhusu Yeremia, tazama sura ya 28. Nabii Hanania alitangaza kwamba vyombo vya hekalu vitarudi ndani ya miaka miwili. Yeremia akajibu "Amina", akakumbusha kuwa nabii wa amani hujulikana neno lake likitimia, na Hanania alipoivunja nira ambayo Yeremia aliivaa shingoni kama ishara, akaenda zake. Alirudi baada ya Bwana kusema naye. Hakupigania jina lake. Hanania alinena mwezi wa tano, akafa mwezi wa saba. Yeremia angepita kwenye baraza hili, kijana, maana hakuwa na cha kuficha. Samweli hata alijipeleka mwenyewe mbele ya watu (1 Samweli 12:3): nimetwaa ng'ombe wa nani, nimemdhulumu nani?

Huko Asia Ndogo, Apolonio aliyewapinga wafuasi wa Montano, mtu wa karne ya pili aliyejiita nabii, aliuliza maswali ya kawaida sana: nabii hupaka nywele rangi? Hucheza kamari? Hukopesha kwa riba? Sikubaliani naye kuhusu nywele, lakini alielewa kwamba maisha ya kila siku yanaulizika, nayo yana majibu.

---

KatibuWaWazee

Mungu awabariki, haya yote yanaingia. Limebaki moja. Neno lenye tarehe lisipotimia tunafanyaje? Tumeona viongozi wakinyamaza hadi watu wasahau.

---

MwalimuWaNeno

Fungueni daftari. Kila neno la wakati ujao liandikwe siku hiyohiyo: tarehe, nani alinena, kwa nani, na maneno yenyewe kutoka kwenye rekodi ya sauti, si muhtasari wa mtu. Muhtasari huongezwa chumvi baada ya tukio. Wazee walipitie daftari kila miezi mitatu. Neno lisilo na tarehe wala jambo la kupimika liandikwe kama la kutia moyo, na asipewe mtu sifa ya kutabiri kwa neno kama hilo.

Lisipotimia, aliyenena aitwe kwanza na wazee. Wapambanue: alikosea kutafsiri alichoona, aliongeza la kwake, au alitunga? Kosa la kwanza linahitaji mafundisho na kupumzika. La pili, kukaa kimya kwa muda utakaopangwa, miezi mitatu kwa mfano, akiwa chini ya mtu wa kumlea. La tatu ni dhambi, linakwenda kwa 1 Timotheo 5:19-20: mashahidi wawili au watatu, kisha akemewe mbele ya wote.

Masahihisho yafanyike mahali palepale neno liliponenwa. Lilinenwa madhabahuni, lirekebishwe madhabahuni. Lilirushwa mtandaoni, lirekebishwe kwenye ukurasa uleule, na video ya kwanza isifutwe kimyakimya. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa 2020, manabii wengi waliotangaza kwamba Trump angeapishwa tena mwaka 2021 walijikuta pabaya, na Aprili 2021 viongozi kadhaa wa kikarismatiki wakatoa tamko lililodai jambo hilihili, yaani aliyetabiri hadharani akakosea akiri hadharani.

Maneno ya kukiri yawe mafupi, mgeni ayakubali kabla hajapanda: "Tarehe fulani nilisema hivi. Halikutokea. Nilikosea, Bwana hakulinena hilo. Waliofanya maamuzi kwa neno langu waje kwa wazee, tusaidiane." Pasiwepo "ila" wala "imani yenu ilipungua". Anayekataa kutia sahihi kwenye mistari hiyo minne, mpeni nauli ya kurudi, mwachane kwa amani.