29 Mei au 6 Novemba: tuadhimishe siku ipi ya kupatwa kwa jua kwa mwaka 1919?

Mwalimu wa fizikia: Habari za leo, ndugu zangu. Klabu yetu inataka kuadhimisha ugunduzi wa kwamba mwanga wa nyota hupinda unapopita kando ya jua, kama Einstein alivyotabiri. Mimi nilipendekeza 29 Mei, siku jua lilipopatwa na nyota za kando yake zikaweza kupigwa picha. Mwenzangu anashikilia 6 Novemba, matokeo yalipotangazwa London. Ipi ina haki zaidi?

Jibu la kwanza: Mwalimu, mwenzako ana hoja. Siku ile ya Mei kisiwani Príncipe, pwani ya magharibi ya Afrika, mvua kubwa ilinyesha asubuhi, na jua lilipopatwa, mawingu yalikuwa bado yanapita mbele yake, huku mwanaastronomia Mwingereza Eddington akishughulika kubadilisha mabamba ya kioo ya kupigia picha kiasi kwamba, kwa maelezo yake mwenyewe, alilitupia jua jicho mara mbili tu. Alipata mabamba 16, lakini ni machache mno yaliyoonyesha nyota za kutosha. Jibu lilitokana na miezi ya kupima.

Jibu la pili: Na kilichopimwa ni kidogo ajabu. Ukigawa digrii moja mara 3600, Einstein alitabiri kwamba nyota iliyo ukingoni mwa jua ingeonekana imesogea vipande 1.75, hesabu za Newton zilitoa nusu yake. Waambie wanafunzi ni sawa na upana wa sarafu ya sentimita 2.5 iliyo umbali wa karibu kilomita 3. Tena msiisahau Sobral, Brazil, ambako pia picha zilipigwa siku hiyo: darubini ndogo ilitoa 1.98, ilhali kubwa, iliyopoteza fokasi, ilitoa takriban 0.93 na kupewa uzito mdogo. Uamuzi huo umezua ubishi hadi leo.

Jibu la tatu: Mimi nabaki na Mei, kwa sababu ya anga lenyewe. Nyota zilizopigwa picha ni za kundi la Hyades, jirani wa Kilimia, na mwishoni mwa Mei jua huwa upande huohuo, ndiyo maana wakulima wetu hawakioni Kilimia majira hayo. Isitoshe, kivuli kilivuka Kongo kikafika Ziwa Tanganyika jua likiwa limeshuka.

Mwalimu wa fizikia: Hoja ya Kilimia imenishinda. Tutaadhimisha Mei, na ile darubini ya 0.93 tutaifanyia mdahalo Novemba. Mwenzangu atasimama upande wa Newton.