Wapangaji Nyumba ya Shangani: kitasa cha mlango mkubwa

Mama Nasra: Jamani habari za jioni. Yule kijana wa chumba cha nyuma kahama na funguo ya mlango mkubwa kaondoka nayo, napiga simu hapokei

Shaibu: Na si wa kwanza huyo. Waliochongesha sokoni ndo hatuwajui kabisa

Hamisi Fundi: Mi nshasema tuweke kadi. Kitasa kinabaki hichohicho, tunachotoa ni kile kibati cha kwenye fremu ulimi unapoingia, tunaweka cha umeme cha volti 12, ukigusa kadi kinalegea unasukuma unaingia

Tatu: Mbona kazini kwetu kuna lile lisumaku la juu ya mlango? Linashika balaa

Hamisi Fundi: Linashika kweli, yapo ya kilo 280, ila linakula umeme usiku na mchana, umeme ukikatika na betri ikaisha mlango uko wazi, sasa kwa Mtwara yetu hii utalala dada Tatu?? Cha fremu kinakula ule muda wa kufungua tu. Zipo aina mbili lakini, tuchukue ile inayobaki imefunga umeme ukikatika, funguo yako ya kawaida inafungua kama zamani

Bi Somoe: Mie kila usiku nazungusha funguo mara mbili ndo napata usingizi

Hamisi Fundi: Shikamoo bibi. Hapo ndo pagumu maana ukizungusha unatoa lile chuma la pili na kadi hailiwezi hilo, Nasra akitoka zamu ya usiku atagusa kadi mpaka kuche

Bi Somoe: Marahaba. Si atagonga, siku zote anagonga

Shaibu: 😂😂😂

Hamisi Fundi: Halafu mkono wa nje lazima utoke tuweke kishikio kisichozunguka, la sivyo mtu anabonyeza tu anaingia na kadi yako inakuwa pambo. Wa ndani unabaki, hata kukiwa na moto unatoka bila kutafuta kadi

Tatu: Na kadi si zinakopiwa?

Hamisi Fundi: Zile za masafa ya redio ya 125 kHz zinakopiwa kirahisi sana, nitatafuta aina nyingine. Ila faida yake mtu akihama nafuta namba ya kadi yake siku hiyohiyo, hatuchongeshi funguo upya nyumba nzima. Kitu ninachogombana nacho mimi ni vile visanduku vya bei chee vyenye kila kitu nje, mtu anakibandua na bisibisi anagusanisha nyaya mbili mlango huo umefunguka. Nje pakae cha kusomea kadi tu, ubongo na betri ndani

Shaibu: Na chumvi ya bahari hii? Bawaba za grili yangu zishaliwa

Hamisi Fundi: Cha nje kiwe kimezibwa maji na maungio ya nyaya yote yaingie ndani, hamna kuviringa tepu ukutani

Mama Nasra: Mwenye nyumba kakubali ila kasema fremu yake ya mninga isiharibiwe

Hamisi Fundi: Itachongwa kidogo, haikwepeki, mwambie mapema asije akanuna. Nipigie picha ubavu wa mlango ukiwa wazi ulimi uonekane, na upana wa fremu pima kwa futi sio kwa vidole

Mama Nasra: Haya nashuka