Salfa imepulizwa raundi mbili, ubwiriunga (ugonjwa wa kuvu wa mikorosho) bado upo. Tatizo ni dawa au muda?

Mkorosho_Tandahimba: Wakuu, habari za mashamba. Mikorosho mikubwa, salfa ya unga imepita mara mbili mwezi wa saba, lakini vishada vimejaa unga mweupe na maua yanapukutika. Jirani anasema salfa ni feki. Halafu hivi, utafiti wa kuvu pale Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo Mtwara, unamsaidia nini mkulima?

Bwanashamba_Newala: Mkuu, kabla ya kumlaumu muuzaji, tazama ulianza lini. Salfa inakinga, haiponyi: inazuia mbegu za kuvu zisiote. Ua lililokwisha kuvaa unga ndiyo basi. Na kishada hakichanui siku moja, maua mapya yanatoka bila dawa, ndiyo maana tunarudia kila siku 14. Gramu 250 kwa mti mkubwa, hadi raundi tano. Puliza alfajiri, umande ungali majanini na upepo umetulia. Jua likishapanda unampulizia jirani bure.

Kuvu huyu anaishi kwenye tishu hai tu. Kabla ya msimu anajificha kwenye machipukizi laini ya ndani ya mti, yale ya kivulini. Yakate Mei au Juni. Wengi hawafanyi, halafu wanalia na salfa.

Dada_Ruangwa: Kwanza hakikisha ni ubwiriunga. Pitisha kidole: unga ukitoka, ni kuvu. Ukiona vidonda vyeusi virefu kwenye chipukizi na ncha inakauka, huyo ni mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi, salfa haimgusi. Na ukimfuata na sumu ya wadudu hovyohovyo, unaua majimoto, wale siafu wa mitini wanaomla.

Mzee_wa_Kubebesha: Kuhusu Naliendele: hizo siku 14 unadhani zimetoka wapi? Korosho ilishuka kutoka tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 mwaka 1986/87. Si kuvu peke yake, watu walihamishiwa vijijini wakaacha mashamba, lakini ubwiriunga ulimalizia. Watafiti haohao ndio wametoa mikorosho bora inayostahimili. Mti mzee usiozaa, ukate, subiri machipukizi, ubebeshe (upandikize) vikonyo vya hiyo mikorosho bora.

Ila salfa ya miaka mingi inaongeza tindikali kwenye mchanga wetu huu, kwa hiyo pima udongo. Dawa za maji zinakwenda siku 21, lakini usirudie kundi lilelile la dawa msimu mzima, kuvu anazizoea.

Mkorosho_Tandahimba: Kidole kimetoka cheupe. Raundi ya kwanza ilipita maua yakiwa yameshafunguka.

Bwanashamba_Newala: Basi salfa haina kosa. Endelea kukinga vishada vinavyochipua sasa, vilivyoungua achana navyo.