Boeser: mngemsaini au mngemtoa mapema, hii ya kukaa katikati inatuua

Wakuu salama. Najua wengi wenu mnafuata mpira wa miguu na hii hoki ya barafuni mnaionaga kwa bahati tu mkibadilisha chaneli, lakini huku Vancouver, Burnaby na Surrey tupo Waswahili ambao Canucks, timu ya hoki ya Vancouver, imeshatuingia kwenye damu, na mimi leo, Juni 2025, nina hasira kiasi kwamba nimetoka shifti ya usiku, nimefika nyumbani saa moja asubuhi, badala ya kulala nimekaa jikoni naandika uzi. Mniache nitoe dukuduku langu.

Ishu ni Brock Boeser, winga wetu. Zimebaki kama wiki mbili tu, Julai 1 mkataba wake unakwisha na anaondoka bure. BURE. Sio kwamba hatukujua, tulijua tangu siku anasaini ule mkataba wa miaka mitatu mwaka 2022 kwamba utaisha 2025. Kalenda ilikuwepo ukutani muda wote.

Kwa asiyefuatilia nieleze kidogo. Kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya Kanada na Marekani, timu hazinunuani wachezaji kwa kitita cha hela kama mpira wa miguu, wanabadilishana: mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa nafasi ya kuchagua vijana kwenye drafti (pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, na nafasi ya raundi ya kwanza ndiyo yenye thamani kubwa). Halafu mishahara ya timu ina ukomo, msimu wa 2024/25 dola milioni 88, msimu wa 2025/26 milioni 95.5, huwezi kuvuka tu kwa sababu tajiri wako ana hela. Kwa hiyo mchezaji ambaye mkataba unaisha ni kama barafu juani, kila wiki inayopita anapungua mkononi mwako, na siku ya mwisho ya kubadilishana ikishapita ndio basi, mpaka Julai anaenda anakotaka na wewe huambulii kitu. Mnakumbuka Chama alivyotoka Simba kwenda Yanga 2024? Mkataba umeisha, kavuka barabara, Simba hawakupata hata mia. Sasa ndio hicho kinatokea hapa, tofauti ni kwamba mwaka huu siku ya mwisho ilikuwa Machi 7 na viongozi wetu waliamka asubuhi hiyo wakijua kabisa.

Tuongee kiwango chake bila mapenzi. Msimu wa 2023/24 jamaa alitupia magoli 40, mechi 81, pointi 73 (yaani magoli yake pamoja na pasi za magoli). Timu ikaongoza kundi la Pacific kwa pointi 109, mtoano wa kwanza akawapiga Nashville magoli matatu kwenye mechi ya nne kwao, timu ilikuwa inaelekea kufa akasawazisha dakika za mwisho kabisa tukashinda muda wa nyongeza. Mimi nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Halafu kabla ya mechi ya saba na Edmonton wakamkuta na damu imeganda, akaikosa, tukatolewa. Hadi leo naamini angekuwepo tungepita.

Msimu huu uliokwisha? Magoli 25, pointi 50, mechi 75. Amepwaya, tuseme ukweli. Lakini kupwaya kwenyewe kuna sababu na hapa ndipo menejimenti walitakiwa kutumia akili. Novemba aligongwa kichwani na Jeannot, mchezaji wa Los Angeles, kule kwao, Jeannot akafungiwa mechi tatu, Boeser akakaa nje mechi kadhaa. Tarehe 31 Januari wakamtoa J.T. Miller kwenda New York Rangers, na Miller ndiye aliyekuwa senta wake (mshambuliaji wa katikati), ndiye aliyekuwa anamkuta pale mbele ya goli na pasi. Miller na senta wetu mwingine Pettersson walikuwa hawaelewani, rais wa timu Rutherford mwenyewe alikiri hadharani. Sawa, mmemtoa Miller. Sasa mtu anayeishi kwa kulishwa umemwondolea mlishaji, unategemea nini? Boeser sio mtu wa kukimbia na paki (kile kidude kinachochezewa badala ya mpira) toka nyuma akapita watu wanne, hajawahi kuwa hivyo, yule ni mmaliziaji. Anasimama pale kwenye vurugu, kidude kikimfikia anamaliza.

Na upande wa pili wa ukweli, yale magoli 40 yalikuwa mara moja. Kabla ya hapo msimu wake mzuri ulikuwa wa kwanza kamili, magoli 29. Kisha 26, 16, 23, 23, 18. Ule mwaka wa 40 karibu kila shuti la tano lilikuwa linaingia, mtu hawezi kuishi hivyo kila msimu. Kwa hiyo Boeser wa kweli ni wa magoli ishirini na kitu, ni winga mzuri, sio nyota wa kubeba timu. Pius Suter naye msimu huu kafunga 25, yaani sawasawa na Boeser, kwa mshahara wa dola milioni 1.6, wakati Boeser anakula milioni 6.65. Na Suter naye mkataba unaisha Julai 1 hiyohiyo! Wote wawili! Naandika hapa mikono inatetemeka.

Sasa turudi Machi 7. Siku ile nilikuwa kazini, simu mfukoni, kila baada ya dakika kumi naenda chooni kuangalia. Saa ikapita. Hakuna kitu. Baadaye meneja mkuu Allvin anasimama mbele ya waandishi anasema angewatajia alichopewa kwa Boeser ingebidi akimbie mle ndani maana wasingeamini. Yaani ofa zilikuwa mbovu kiasi hicho. Haya, naelewa, hutaki kumtoa mchezaji wako kwa kitu cha kijinga. Lakini kaka, kama ofa ni mbovu na humtoi basi maana yake unambakiza, na kama unambakiza basi msaini! Huwezi kukataa ofa zote halafu pia usimsaini halafu uje kutuambia mambo ni magumu. Mshika mbili moja humponyoka, hawa wameponyokwa zote.

Na msije mkasema eti timu ilikuwa inapigania mtoano kwa hiyo walimhitaji. Tulimaliza na pointi 90. St. Louis waliochukua nafasi ya mwisho upande wetu walikuwa na 96. Pointi sita nyuma. Hatukuingia. Tulimbakiza Boeser kwa ajili ya mtoano ambao hatukuucheza, na baada ya msimu walipomuuliza kama atarudi akajibu kwamba kwa ukweli huenda hapana. Alisema taratibu tu kama mtu aliyekwishachoka. Miaka yote ile hapa, tangu drafti ya 2015, tukamwona analia mbele ya kamera 2022 akimwongelea baba yake mgonjwa, mzee akafariki wiki chache baadaye, huyu sio mchezaji wa kupita, huyu ni mtoto wetu. Halafu anaachwa anaondoka hivihivi.

Angalieni wenzetu walifanya nini wiki ileile. New York Islanders walikuwa na Brock mwenzake, Brock Nelson, miaka 33, mkataba unaisha, nae hakuwa kwenye ubora wake. Wakampeleka Colorado, wakapata kijana Calum Ritchie na drafti ya raundi ya kwanza juu. Boston walimtoa kapteni wao Brad Marchand, mtu aliyewachukulia kombe 2011, na kombe lenyewe walitufunga sisi mechi ya saba hapahapa nyumbani kwetu. Wamemtoa kwenda Florida, juzi tu Florida wamebeba kombe na Marchand katupia sita kwenye fainali, na ile drafti waliyopewa Boston kwa masharti imepanda ikawa raundi ya kwanza. Walilia lakini waliamua.

Mfano mzuri kuliko yote ni Carolina na Mikko Rantanen. Wamemchukua Januari kwa gharama kubwa, akafika kwao akapwaya kweli, mechi 13 magoli mawili. Na hataki kusaini. Wangeweza kusema ngoja tumvumilie tuone mwisho wa msimu. Hawakusema hivyo. Walimuuliza, akakataa, Machi 7 hiyohiyo wakampeleka Dallas wakarudi na kijana Stankoven, drafti za raundi ya kwanza mbili na raundi ya tatu mbili. Na bado wakafika fainali ya mashariki. Hiyo ndio kazi ya meneja wakuu. Unamuuliza mchezaji, unapata jibu, unatenda.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi hii sinema tumeshaiona, mimi nilikuwa ndio nimefika huku mwaka huohuo. 2016, winga Radim Vrbata, msimu wa nyuma yake kafunga 31, msimu ule kafunga 13. Mkataba unaisha. Siku ya mwisho ikapita hakwenda kokote, yeye na beki Dan Hamhuis, wote wakaondoka bure kiangazi. Vrbata kaenda Arizona, akafufuka, pointi 55. 2020 tena, kipa wetu Markstrom na beki Tanev wamekwenda Calgary, Toffoli Montreal, Stecher Detroit, wote bure ndani ya siku chache, na Toffoli tulikuwa tumetoa drafti na kijana kumpata miezi minane tu nyuma. Uongozi ulikuwa mwingine, najua. Viongozi wamebadilika, ugonjwa ni uleule.

Na hawahawa viongozi wa sasa wanajua kufanya vizuri! Hilo ndilo linanikera. Bo Horvat 2023, kapteni, mkataba unaisha, hawakuelewana bei, Januari wakamtoa kwenda Islanders. Raundi ya kwanza waliyopata wakaitumia kumleta Hronek ambaye msimu wa 2024/25 ndiye alikuwa beki anayecheza na beki mwenzake Quinn Hughes. Mnaona? Inawezekana. Sasa kwa Boeser walishindwa nini?

Sasa hofu yangu kubwa sio hata kwamba ataondoka. Hofu yangu ni kwamba Julai 1 wataona aibu, wataogopa kelele zetu mashabiki, watamkimbilia dakika za mwisho wampe miaka saba. Jamani ana miaka 28. Miaka saba ni mpaka 35, na hajawahi kuwa mwepesi wa miguu hata akiwa na 21. Tulimsaini Loui Eriksson 2016 miaka sita, dola milioni 36, alitoka kufunga 30 Boston, akafika hapa akafunga 11 msimu wa kwanza. Mkataba ule ulitutesa mpaka 2021 ikabidi tutoe nafasi yetu ya tisa kwenye drafti ili Arizona wamchukue pamoja na wengine wawili, na kwenye dili hiyohiyo tukapewa beki Ekman-Larsson na mkataba wake mrefu, naye 2023 tukamlipa aondoke, na malipo yake yanakula nafasi ya mishahara yetu mpaka msimu wa 2030/31. Msimu wa 2025/26 pekee ni zaidi ya milioni 4 za mtu anayechezea timu nyingine! Kosa moja la 2016 mpaka leo tunalilipia, na mwanangu wa darasa la tano atakuwa anakaribia utu uzima ndio liishe.

Msimamo wangu ni huu. Kama atakubali miaka minne, hata mitano, kwa dola milioni saba hivi, msaini leo, usingoje Julai. Ukomo unapanda hadi milioni 104 msimu wa 2026/27 na 113.5 unaofuata, kwa hiyo milioni saba ya leo baada ya miaka miwili itakuwa ya kawaida tu. Ila mtafutie senta. Bila senta wa kumlisha mtamlipa mtu kusimama mbele ya goli anasubiri barua isiyofika. Pettersson akirudi yule wa pointi 102 sawa, lakini msimu huu kapata 45 na ndiye anayelipwa milioni 11.6, kwa hiyo hata hapo tunabahatisha. Na kama Boeser anataka miaka saba, mpeni mkono, mshukuruni hadharani, aende. Hasira yangu ya Machi isigeuke kuwa sababu ya kusaini upuuzi Juni.

Jezi namba 6 ya mwanangu ipo hapa kwenye kiti nikiandika, jana kaniuliza kama aendelee kuivaa. Nimemwambia avae tu.

Haya, mliopo Kanada na mnaofuatilia huko mliko, semeni: mngempa miaka mingapi? Na kuna mtu anaweza kunieleza kwa nini Machi 7 hakutolewa Suter angalau, maana hilo mpaka sasa sijapata wa kunielewesha.