Tupeane uzoefu: Kyoto kuanzia Mei hadi Julai, wewe ulishuhudia nini?

Mwana wa Pangani: Wakuu, salaam. Kila mwenye ndugu anayekwenda Japani humhimiza awahi maua ya sakura, utadhani yakishapukutika mji unafungwa. Mimi nimesoma Kyoto, na kwa maoni yangu mji ule unaanza kunoga Mei.

Ninachokikumbuka zaidi ni tarehe 30 Juni, nusu ya mwaka inapotimia. Kwenye mahekalu ya Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, wanasimamisha duara kubwa la nyasi, linampita mtu kimo. Unapita katikati na kuzunguka kushoto, unapita tena na kuzunguka kulia, kisha kushoto tena, ndipo unasogea mbele kuomba. Kuna na karatasi iliyokatwa umbo la mtu. Unaandika jina na umri wako, unajipangusa nayo, unaipulizia pumzi, na nuksi za miezi sita zinahamia humo. Pale hekalu la Kamigamo usiku wanawasha mioto na kuzimwaga karatasi hizo kwenye kijito. Foleni ina wazee, wanafunzi na akina mama wenye mifuko ya sokoni. Hakuna anayekuuliza umetoka wapi.

Haya, leteni ya kwenu.

Tabora Kansai: Mkuu, sherehe ya Aoi Matsuri umeiruka! Tarehe 15 Mei, saa nne na nusu asubuhi, watu zaidi ya 500 wanatoka Gosho, kasri la zamani la mfalme, wamevaa mavazi ya enzi za Heian, kama miaka elfu moja iliyopita. Wanapitia hekalu la Shimogamo, wanamalizia Kamigamo, kama kilomita nane hivi. Kila mtu kachomekwa majani ya aoi, hadi farasi na ng'ombe. Lile gari la ng'ombe utalisikia kabla hujaliona, magurudumu ya mbao yanalia kwii kwii barabara nzima.

Jamaa wa maabara yetu alikuwa kwenye msafara huo. Ni kibarua, wanafunzi wengi wanakifanya. Kavaa kofia nyeusi, uso mkavu kama inavyotakiwa, ila tulipompungia mkono akashindwa kujizuia kucheka. Viti vya kulipia mnavyoviona Gosho achaneni navyo, simama barabarani bure. Mvua ikinyesha wanaahirisha hadi kesho yake.

Bi Shadya: Mie duara sikupita, dini yangu hainiruhusu, na wenzangu wa pale walinielewa bila maneno mengi. Lakini minazuki nilikula! Ndiyo kitamu cha siku hiyohiyo ya 30 Juni. Ni cheupe, kimekatwa pembetatu kama sambusa, juu kimetandazwa azuki, yale maharage madogo mekundu yaliyopikwa kwa sukari. Wanasema ule weupe ni barafu. Zamani barafu ya kiangazi ilikuwa ya wakubwa wa kasri tu, wanyonge wakajitengenezea ya unga.

Mama mwenye nyumba alinigongea mlango na kiboksi mkononi, akasimama palepale mpaka nionje. Kinanata menoni, utamu wa wastani. Maharage na sukari mwanzoni yalinishinda, mwaka uliofuata nikakitafuta mwenyewe dukani.

Mkenya wa Uji: Msisahau Juni ni masika yao, tsuyu. Nguo hazikauki, viatu vinaota ukungu. Afadhali uende hekalu la Mimuroto-ji huku Uji, mji jirani na Kyoto, maua ya ajisai yanapendeza zaidi yakiwa yamelowa.

Mwana wa Pangani: @Bi Shadya shikamoo dada. Hapo kwenye viatu Mkenya kasema kweli tupu.

Kijana wa Bukavu: Mimi niwaambie Kamogawa, mto unaopita mjini. Kuanzia Mei, mikahawa ya ukingo wa magharibi inajenga majukwaa ya mbao juu ya maji, watu wanakula wakipigwa na upepo. Bei yake si ya mwanafunzi. Sisi tulinunua vyakula dukani tukakaa chini ukingoni, pamoja na wapenzi wawili wawili waliojipanga kwa nafasi sawa, utafikiri wamepimiwa na kamba. Mwanzo wa Juni, kukishaingia giza, panda mpaka Njia ya Mwanafalsafa, kwenye ule mfereji kuna vimulimuli. Zima tochi ya simu, tafadhali.

Mama Tumu: Ya Julai inahesabika? Sherehe ya Gion Matsuri ni mwezi mzima. Chanzo chake ni maradhi ya mlipuko ya mwaka 869. Wanauza chimaki, fungu la majani ya mianzi lililofungwa vizuri. Mgeni wetu akaanza kulifungua mezani ale, maana kweli ipo chimaki ya wali. Hii haina kitu ndani! Inatundikwa mlangoni mwaka mzima kuzuia maradhi.

Tabora Kansai: @Mama Tumu inahesabika sana. Na ukikaribisha jirani wa mitaa ile mwezi huo, kachumbari yako usiweke matango. Wenye kushika mila hawayagusi, kwa sababu tango likikatwa linafanana na nembo ya hekalu la Yasaka, lenye sherehe hiyo.

Mkenya wa Uji: Anayekuja Julai hii: msafara wa Gion wa magari makubwa ya mbao yaliyopambwa ni tarehe 17, mwingine 24. Wa 24 ni mdogo, lakini utapata pa kusimama. Beba maji, joto la Kyoto halina utani.